Historia ya Namba Tasa 2,147,483,647 na Mafunzo Yake kwa Watunga Istilahi

UTANGULIZI

Kila mtu aliyepita darasa la hisabati katika shule zetu za msingi amekutana na istilahi namba tasa. Ameambiwa kwamba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa, akazikariri, akafanya mazoezi yake, kisha akaendelea na mambo mengine. Ni wachache waliopata nafasi ya kujiuliza kwa nini namba iitwe tasa, neno ambalo katika maisha ya kila siku husemwa juu ya kiumbe asiyezaa. Na ni wachache zaidi waliopata kuelezwa kwamba baadhi ya namba hizo zina historia, kama vile miji na falme zilivyo na historia.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya namba moja ya aina hiyo, nayo ni 2,147,483,647. Nia yetu si kufundisha hisabati, kwa kuwa kazi hiyo ina wenyewe. Nia yetu ni kuonyesha kwamba wataalamu walioishughulikia namba hii kwa muda wa karne kadha wa kadha walikosea mara nyingi, na kwamba sehemu kubwa ya makosa yao haikuwa katika kuhesabu bali katika kusema. Walisema jambo limethibitishwa wakati lilikuwa limedhaniwa tu. Mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wote hufanya kazi kwa maneno, na kwa hiyo historia hii inawahusu.

NAMBA YENYEWE

Tuianze namba hii mahali ambapo msomaji wa pwani na wa bara ataifahamu, yaani katika ubao wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, na kete zake ni 64. Tuseme mtu anatia kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na kuendelea hivyo hivyo, kila shimo likipata maradufu ya lile lililotangulia. Kete 64 zitamfikisha shimo la sita tu, na kete moja itambakia mkononi. Akitaka kuendelea itambidi atafute magunia ya komwe. Katika shimo la 31 peke yake atatia kete 1,073,741,824, na jumla ya kete zote zilizo ubaoni wakati huo itakuwa 2,147,483,647. Hiyo ndiyo namba yetu.

Msomaji akichunguza ataona kwamba jumla ya kete katika mashimo yote hupungua kwa moja tu kuliko idadi ambayo ingetiwa katika shimo linalofuata. Kwa hiyo namba hii huandikwa kwa kifupi 2³¹ – 1, yaani mbili kwa kipeo cha 31, toa moja.

Sasa tuzitazame jumla hizo shimo kwa shimo. Baada ya mashimo mawili jumla ni 3, nayo ni tasa. Baada ya matatu ni 7, nayo ni tasa. Baada ya manne ni 15, ambayo ni tatu mara tano. Baada ya matano ni 31, tasa. Baada ya sita ni 63, si tasa. Baada ya saba ni 127, tasa. Hapo mtu angeweza kusema kwamba ameona kanuni: idadi ya mashimo ikiwa tasa, jumla ya kete nayo huwa tasa. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, kwa kuwa idadi ya mashimo isipokuwa tasa, jumla haiwezi kamwe kuwa tasa. Lakini nusu nyingine si kweli. Mashimo 11 hutoa jumla ya 2,047, na 2,047 ni 23 mara 89. Kosa hili la kuona mifano minne ikikubali na kudhani kwamba wa tano utakubali ndilo lililowaponza watu wengi tutakaowataja.

JINA "TASA"

Kabla ya kuendelea hatuna budi kusimama kidogo kwenye jina. Wayunani wa kale waliziita namba hizi kwa neno lenye maana ya "za kwanza". Waarabu walifuata maana hiyo wakasema adadi awwali, na Walatini wakafanya vivyo hivyo. Lugha nyingi za Ulaya zimerithi neno la Kilatini. Kiswahili kingeweza kufuata njia hiyo bila taabu, maana neno awali tunalo tangu zamani, na majirani zake katika somo hili, yaani shufwa na witiri, yametoka katika Kiarabu pia na yamezoeleka kwa Waislamu katika mambo ya ibada. Hata hivyo lau tungesema "namba za awali" msikilizaji angefikiri tunazungumzia namba zilizotajwa mwanzo, na lau tungesema "namba ya kwanza" angefikiri tunasema moja. Neno tasa halina hatari hiyo.

Lakini je, neno lenyewe lina haki yake? Euclid, aliyeandika vitabu vyake yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, hakusema juu ya kugawanya bali alisema juu ya kupima. Kwake yeye namba ni tasa ikiwa hakuna kipimo kinachoweza kuipima sawasawa ila moja peke yake. Mfanyabiashara wa nafaka anaielewa fasili hii mara moja: vibaba 12 vyaweza kupimwa kwa chombo cha vibaba viwili, vitatu, vinne au sita bila kubakia kitu, vibaba 13 havikubali chombo chochote isipokuwa kibaba chenyewe. Yasemekana pia kwamba Myunani mwingine, Thymaridas, aliziita namba hizi kwa jina lenye maana ya "zilizonyooka", kwa sababu kete 12 zaweza kupangwa safu tatu za nne nne, lakini kete 13 hazikubali kupangwa ila katika mstari mmoja.

Tasa basi ni namba isiyotoa vigawo vingine kutoka tumboni mwake. Ukiitazama kwa upande huo, sitiari inafaa. Ukiitazama kwa upande wa pili inageuka kuwa kinyume, maana kila namba nzima inayozidi moja, ama ni tasa ama hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, na kwa njia moja tu. Sitini ni mbili mara mbili mara tatu mara tano, na hakuna mkusanyiko mwingine wa namba tasa utakaokupa sitini. Kwa hiyo hizi tuziitazo tasa ndizo wazazi wa namba nyingine zote. Mwandishi haoni kwamba jambo hili linatosha kulikataa jina. Istilahi haitakiwi kubeba kila sifa ya kitu. Linatosha tu kumkumbusha mwalimu kwamba hana budi kueleza upande wa pili, ili mtoto asidhani namba hizi hazina faida.

Hapa pana jambo moja la kuangalia. Mara nyingi fasili hutolewa hivi: "Namba tasa ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu." Kwa fasili hii, moja nayo ni tasa, kwa kuwa inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe. Wataalamu wenyewe walisitasita kwa muda mrefu. Jedwali la namba tasa lililochapishwa na D. N. Lehmer wa Marekani mwaka 1914 lilianza na moja. Siku hizi moja haihesabiwi, na sababu ni ile tuliyoitaja: lau moja ingekuwa tasa, sitini ingeweza kuandikwa kwa njia zisizo na mwisho, kwa kuongeza "mara moja" kila unapopenda. Fasili iliyo salama ni hii: "Namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu, ambavyo ni moja na namba yenyewe." Moja ina kigawo kimoja, kwa hiyo imetoka. Tofauti ya fasili hizi mbili ni ya maneno machache, lakini ni tofauti ya ukweli.

KWA NINI NAMBA HII ILITAFUTWA

Euclid alionyesha jambo jingine lililowashughulisha watu kwa karne nyingi. Kuna namba ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, unapata namba ile ile. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Nicomachus, aliyeishi yapata mwaka 100 baada ya Kristo, alizitaja nne: 6, 28, 496 na 8,128. Euclid alithibitisha kwamba kila mara jumla ya kete zetu za maradufu inapokuwa tasa, ukiizidisha kwa kete za shimo la mwisho utapata namba ya aina hii. Kwa mfano, mashimo matatu yana jumla ya 7, shimo la mwisho lina 4, na saba mara nne ni 28.

Lugha za Ulaya huziita namba hizi kwa neno lenye maana ya ukamilifu. Mfasiri asiyeangalia ataandika "namba kamili", na hapo atakuwa ameharibu, kwa kuwa katika vitabu vyetu vya hisabati istilahi namba kamili imekwisha kupewa kazi nyingine: ni zile namba zisizo na sehemu, pamoja na zilizo chini ya sifuri. Kwa istilahi hiyo kila namba tunayoitaja hapa ni namba kamili, na sentensi ya Euclid itakosa maana. Mwandishi anapendekeza namba timilifu, na atalitumia jina hilo katika makala haya.

WALIODAI NA WALIOKANUSHA

Mwaka 1588 Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, alionyesha kwamba 2¹⁷ – 1 na 2¹⁹ – 1, yaani 131,071 na 524,287, ni namba tasa. Kazi hiyo aliifanya kwa kugawanya. Alikuwa na orodha ya namba tasa ndogo, akaijaribu moja baada ya nyingine mpaka alipofikia kipeuo cha pili cha namba aliyoichunguza. Kupita hapo hakukuwa na haja, maana namba ikiwa na vigawo viwili, kimoja lazima kiwe hakizidi kipeuo chake cha pili. Bandu bandu huisha gogo, na Cataldi aliumaliza ugogo wake kwa uaminifu.

Lakini hakuishia hapo. Alisema pia kwamba jumla za mashimo 23, 29, 31 na 37 ni tasa. Hakuwa amezigawanya, wala hakuwa na njia ya kuzijua. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aligundua kwamba 2²³ – 1, yaani 8,388,607, ni 47 mara 178,481, na kwamba 2³⁷ – 1 inagawanyika kwa 223. Katika karne iliyofuata Leonhard Euler alionyesha kwamba 2²⁹ – 1 ni zao la 233, 1,103 na 2,089. Katika kauli nne za Cataldi tatu zilikuwa za uongo. Iliyosalimika ni moja, nayo ni 31, na ilisalimika kwa bahati.

Fermat hakubahatisha. Alikuwa ameona sheria iliyofupisha kazi: ikiwa idadi ya mashimo ni tasa, basi kila kigawo tasa cha jumla yake hupatikana kwa kuchukua maradufu ya idadi ya mashimo, kuizidisha kwa namba nzima fulani, na kuongeza moja. Msomaji aweza kuhakiki: kwa mashimo 11, maradufu yake ni 22, na vigawo 23 na 89 ni 22 na moja, na 88 na moja. Kwa mashimo 23, maradufu yake ni 46, na 47 ni 46 na moja. Kwa mashimo 37, maradufu yake ni 74, na 223 ni mara tatu ya 74 na moja. Kwa sheria hiyo sehemu kubwa ya namba tasa za kujaribu huondolewa kabla ya kazi kuanza.

Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne wa Paris, aliyekuwa akiandikiana barua na wataalamu wengi wa zama zake, alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba, hadi kufikia 257, vipeo vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 basi. Hakutoa uthibitisho. Orodha hiyo ilisomwa na kunukuliwa kwa zaidi ya miaka 200 kabla ya makosa yake kujulikana: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 ziliachwa nje ilhali zilistahili. Hata hivyo namba tasa za aina hii zimepewa jina lake mpaka leo, na huitwa namba tasa za Mersenne.

KAZI YA EULER

Aliyeitoa namba yetu katika madai na kuiingiza katika elimu ni Euler. Mwaka 1772 alikuwa St. Petersburg, Urusi, mzee wa miaka sitini na mitano na karibu kipofu kabisa. Katika barua kwa Bernoulli, iliyochapishwa mwaka huo, alieleza kwamba 2³¹ – 1 ni tasa na akasema alivyojua.

Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni kama 46,340. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800, na kuzijaribu zote ni kazi ya kuchosha. Kwa sheria ya Fermat, kila kigawo tasa lazima kiwe ni namba ya 62 iliyozidishwa na kuongezwa moja. Euler aliongeza sheria ya pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7. Ukiziunganisha sheria mbili hizo, vinabaki vya aina mbili tu: vile ambavyo vikigawanywa kwa 248 hubakisha 1, na vile vinavyobakisha 63. Chini ya 46,340 namba za aina hizo hazizidi 372 au 373, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo nazo huondolewa bila kujaribiwa. Zilizobaki zilijaribiwa kwa kugawanya, na hakuna hata moja iliyogawanya bila baki. Kwa hiyo namba ni tasa.

Angalia tofauti ya kazi hii na ile ya Cataldi. Jibu la mashimo 31 ni lile lile. Cataldi alisema ni tasa, na Euler akasema ni tasa, na wote wawili walisema kweli. Lakini mmoja alidai na mwingine alithibitisha, na mwanahistoria anayewapa wote wawili kitenzi kimoja anamdhulumu Euler na kumdanganya msomaji.

Namba hiyo ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi katikati ya karne ya 19. Namba timilifu inayotokana nayo ni 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni ya nane katika mfululizo. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba namba timilifu hiyo ndiyo itakayobaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa kuwa ni vitu vya ajabu tu visivyo na manufaa, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta zaidi.

BAADA YA EULER

Barlow alikosea katika yote mawili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alibuni njia mpya ya kuzijaribu namba hizi bila kutafuta vigawo, akathibitisha kwamba 2¹²⁷ – 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Kwa njia hiyo hiyo alionyesha kwamba 2⁶⁷ – 1 si tasa, ingawa hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Jambo hili huwatatiza wanafunzi: yawezekanaje kujua kwamba kitu kina vigawo bila kuvijua? Lakini hata katika maisha twaweza kujua kwamba nyumba ina watu kwa kuona moshi, bila kujua majina yao.

Mwaka 1883 Mrusi Ivan Pervushin alithibitisha kwamba 2⁶¹ – 1 ni tasa, na hilo likawa pigo kwa orodha ya Mersenne. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini New York. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Aliandika ubaoni thamani ya 2⁶⁷ – 1. Kisha upande wa pili akaizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, mkono kwa mkono, mpaka majibu mawili yakalingana, akarudi kuketi. Hapa hatuwezi kusema kwamba alidai, wala hatuna haja ya kusema kwamba alithibitisha kwa nadharia. Alionyesha, na kila aliyejua kuzidisha aliweza kuhakiki.

Tangu mwaka 1952, Raphael Robinson wa Marekani alipotumia kompyuta na kupata namba tasa mpya za Mersenne, kazi hii imekuwa ya mashine. Mwaka 2024 ilitangazwa 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa moja. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320, na hakuna kitabu cha kawaida kinachoweza kuichapa.

NAMBA HII KATIKA OFISI ZETU

Msomaji aliye katika utumishi wa serikali huenda akauliza yote haya yanamhusu nini. Jibu ni kwamba namba ya Euler imo ofisini mwake. Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, na kila biti ni nafasi ya sifuri au moja, kila nafasi ikiwa na thamani maradufu ya iliyotangulia, sawa kabisa na mashimo ya bao tuliyoanza nayo. Programu nyingi zimetengewa biti 32 kwa kila namba. Biti moja hushika alama ya kutoa au kujumlisha, na zinabaki 31. Zikijazwa zote, jumla ni 2,147,483,647, na hakuna nafasi ya kuongeza hata moja.

Ni lazima tuseme wazi kwamba kompyuta haikuchagua namba hii kwa kuwa ni tasa. Biti zilikuwa 31 kwa sababu za ufundi, na utasa wa jumla yake ni sadfa. Lau biti zote 32 zingetumika kwa hesabu, mwisho wake ungekuwa 4,294,967,295, ambayo ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537. Lakini utasa nao una kazi yake mahali pengine. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Park na Miller, walipendekeza njia ya kutengeneza namba za kubahatisha kwa kompyuta: unachukua namba, unaizidisha kwa 16,807, unagawanya kwa 2,147,483,647, na baki yake ndiyo namba inayofuata. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa, na kizidishi kimechaguliwa ipasavyo, mfululizo huo hupita katika namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudia hata moja. Barlow aliyesema hazina manufaa hakuyaona hayo.

Jambo la ukomo lina uzito wa pekee katika kalenda. Programu nyingi huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa ya usiku. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, kwa saa zetu. Programu iliyotengewa biti 32 na isiyorekebishwa kabla ya hapo itaruka nyuma na kuonyesha tarehe 13 Desemba 1901. Mifumo mipya mingi imekwisha kupewa biti 64, lakini ya zamani bado iko. Mtumishi anayetunza hesabu za malipo ya uzeeni au za mikopo ya miaka mingi hana budi kuuliza, na ili aulize lazima awe na maneno ya kuulizia.

MAPENDEKEZO

Kutokana na historia hii mwandishi anaweka mbele ya wasomaji mapendekezo manne.

Kwanza, istilahi namba tasa ibaki, lakini fasili yake itaje vigawo viwili, si "moja na yenyewe tu".

Pili, namba timilifu itumike kwa namba za Euclid, na namba kamili iachiwe kazi iliyo nayo. Istilahi moja ikibeba dhana mbili ndani ya somo moja, itakuwa kama chombo kimoja cha kupimia mafuta ya taa na maziwa.

Tatu, namba inayozidi moja na isiyo tasa ipewe jina lake yenyewe, isiendelee kutajwa kwa kukanusha. Twaweza kusema namba ambatani, kwa kuwa wanasarufi wamekwisha kutuzoeza nomino ambatani, na maana ni karibu sana: kitu kilichoundwa kwa kuunganisha vingine.

Nne, na hili ndilo kubwa, wafasiri wa historia ya sayansi watenganishe vitenzi. Kukisia ni kusema unachodhani. Kudai ni kusema unachodhani kana kwamba unakijua. Kukanusha kwa mfano ni kuleta kitu kimoja kinachovunja dai. Kugundua ni kuona kilichokuwapo. Kubuni ni kutengeneza njia isiyokuwapo. Kuthibitisha ni kufunga mlango wa shaka kwa hoja. Kuhakiki ni kurudia kazi ya mwingine ili kuona kama imesimama. Kwa vitenzi hivyo saba twaweza kusema kwamba Cataldi alidai, Mersenne alidai, Fermat aligundua na kukanusha, Euler alithibitisha, Lucas alibuni, na waliohudhuria mkutano wa Cole walihakiki. Tukiwapa wote kitenzi aligundua, kama inavyofanyika mara nyingi katika tafsiri zetu, tutakuwa tumefuta historia yote na kubakisha orodha ya majina.

HITIMISHO

Lugha ya kisayansi haikui kwa wingi wa istilahi peke yake. Waarabu waliotafsiri vitabu vya Wayunani walikuta neno lenye maana ya "isiyo na uwiano", ambalo pia laweza kueleweka kuwa "isiyo na neno", wakaliandika kwa neno lenye maana ya "kiziwi". Walatini wakatafsiri "kiziwi" kwa uaminifu, na mpaka leo katika lugha za Ulaya vipeuo fulani huitwa kwa jina lililotokana na uziwi, bila mtu kukumbuka kwa nini. Kosa la mfasiri huishi kuliko mfasiri.

Namba 2,147,483,647 ilisemwa kuwa tasa mwaka 1588 na mtu ambaye hakujua, na ikathibitishwa kuwa tasa mwaka 1772 na mtu aliyejua. Kati ya tarehe mbili hizo kuna miaka 184, na muda wote huo sentensi iliyoandikwa vitabuni ilikuwa ile ile. Kilichopungua kilikuwa haki ya kuisema. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunayo maneno ya kuitenga haki hiyo na ubahatishaji, na maneno hayo ni ya zamani na ni mepesi. Kilichobaki ni kuyatumia kila moja mahali pake.